Nyumba ni Yako

Daktari wa Mombasa alichukua kalamu
akanichora nyuma ya karatasi ya malipo:
kibofu, tangi; mrija, bomba la kushukia;
na hapo shingoni, imelikumbatia bomba,
tezi, kama nati iliyoshika kutu.
Nikacheka. Khulthum akanikanyaga mguu.
Miaka thelathini na minne nafunga mabomba Malindi,
Barani, Muyeye, hoteli za Wataliano,
sikujua nina fundi mwenzangu wa koti jeupe.

Kisu, akasema: tunaitoa yote,
ila huenda ukavuja, na huenda usisimame.
Hakutaja nini. Alitazama dirisha.
Au mionzi, wiki nane, upange chumba huku,
utumbo uungue kidogo, mengine yaje polepole.
Au sindano za kuinyima chakula:
kifua kitaota nyama, jasho litakutoka usiku
kama mama aliyekoma hedhi.
"Wewe ungefanyaje?"
Akaifunika kalamu. "Uamuzi ni wako, mzee."

Neno hilo nalijua. Ni langu.
Nimewaambia wangapi, nimeinama chini ya sinki:
tukate lote au tuzibe hapa?
Nyumba ni yako, bwana.
Nikidhani ni adabu.
Kumbe ni kufunga mkoba, ushike njia.

Jirani yangu Shekuwe alichagua mionzi,
kwa hivyo kila mtu, kwake, ni wa mionzi.
Binamu wa Faza alichagua mwarobaini;
hayo nilisimuliwa na mjane wake.

Usiku feni inakwaruza, Khulthum akasema gizani:
"Mimi nataka uwepo.
Hayo mengine tulikula, tukashiba."
Sikujua ni kweli au ni huruma.
Sikuuliza.
Nikachagua kisu kwa sababu ya kijinga:
fundi hulala vyema akiishika nati mbovu mkononi.
Hawakunionyesha.

Siku kumi na mbili nilibeba mfuko kama mkoba wa shule.
Walipouchomoa mpira, nikakohoa: tone.
Nikapiga chafya: tone.
Nikainama kuokota spana, kikoi kikaniaibisha
mbele ya mwanagenzi, naye kwa heshima
akajifanya anatafuta msumeno.

Khulthum hununua pampasi duka la dawa la mbali.
"Za mama," humwambia muuzaji.
Mamake tulimzika mwaka wa mafuriko.
"Mpe pole." "Zimefika," hujibu,
na njiani kurudi, anasema, humrehemu.

Maalim Aboud alinifundisha taratibu, bila kunitazama:
ngoja wakati uingie, jisafishe, jifunge,
tawadha, swali; kidondokacho hapo ni udhuru.
Kila swala na udhu wake.
Nilikuwa safu ya kwanza, bega la kulia.
Sasa nasimama nyuma, karibu na viatu.
Si sheria iliyonisogeza; ni pua yangu.

Na kitandani? Mwaka na miezi miwili.
Nauita mwili, hauitiki;
vidonge vya buluu vilinipa kichwa kuuma tu.
Nilihamia mkekani, nikisingizia joto.
Usiku wa tatu Khulthum alishuka na mto wake,
akalala hapo hapo sakafuni, na nyonga zake mbovu,
akaweka unyayo wake juu ya wangu,
baridi, mkavu, wenye ufa kisiginoni.
Hatukusema kitu. Tulirudi juu alfajiri,
tukisaidiana kuinuka kama watu wawili waliolewa.

Kipimo cha damu kimesoma karibu na sifuri.
Shekuwe asema kwake pia.

Juzi waliniita msikitini:
bomba la tatu pa kutawadhia linadondoka.
Nimebadilisha washa mara mbili. Bado.
Bwanadi, mwadhini, ameshika tochi.
"Tukate lote, fundi, au tuzibe?"
Ulimi ulishafika kwenye lile neno.
"Wewe ungefanyaje?" akauliza.
Nikaweka spana chini.
Nikaketi ukingoni, kwa uangalifu, jinsi niketivyo siku hizi,
nikamwambia.